Kikapu cha Milulu Mbele ya Kamera

Kamwene wazee wangu, kamwene akina mama.

Hapa Iringa uchungu wa kitu chetu kukaa ugenini tunaujua. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, katika kifungu cha 246 uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Likaja kufika Kalenga, hapa Iringa, mwaka 1954. Miaka 35! Leo makumbusho ya Ulaya yanatuambia: vitu vyenu tumevipiga picha, fungueni intaneti mvitazame. Tunashukuru, ila nina neno.

Chukueni kikapu cha milulu, yale majani ya kusukia. Mpiga picha atapima kimo na upana, atakizungushia kamera pande zote, kisha ataandika "kikapu, Afrika Mashariki". Bibi aliyekisuka angeanzia kwingine kabisa: milulu ilikatwa bonde gani, msuko umekazwa kiasi gani, ni cha kuwekea unga au cha kuchujia pombe. Hayo kamera haiyaoni, hata iwe ya bei gani. Ndiyo maana nataka wasukaji wakae mezani kabla ya picha ya kwanza, wasije wakaitwa siku ya uzinduzi kupiga vigelegele tu.

Kuna waliokwisha kufanya hivyo. Huko Tennant Creek, Australia, jamii ya Warumungu ilishirikiana na watafiti kuunda programu ya kompyuta ya kutunzia picha na kumbukumbu zao, inayoitwa Mukurtu. Jina ni la kwao, maana yake mkoba wa kutunzia vitu vitakatifu; mlinzi wake ni mzee, na anayetaka kuona humwendea kwa adabu. Programu nayo inafuata mila hiyohiyo. Wenyewe ndio wanaopanga nani aone nini: hiki cha wanawake, hiki cha wanaume, hiki cha ukoo fulani peke yao. Picha ya marehemu hutanguliwa na onyo, ili mtu asishtukie uso wa ndugu yake aliyefariki.

Sasa vifikirieni vifaa vyetu vya tambiko. Je, kila mwenye simu avione? Mimi ningesema hapana, lakini mwenye kauli si mimi, wala si mtaalamu aliyeko Berlin. Ni ukoo uliovitumia, na ukoo ukikataa, picha iondolewe bila mabishano.

Mama, wewe uliyeketi pale nyuma na kikapu mapajani, tusogelee hapa mbele. Vijana wa kamera wasubiri kidogo. Tuambie kwanza, kwenu kinaitwaje?