Kabla ya Mizinga, Makaa

Asante, mwenyekiti. Wengine wenu mmenisikia nikilisema jambo hili mpaka mmelichoka, na leo nalisema tena. Kila nikiitaja manowari ya Kijerumani Königsberg, mkono wa kwanza kunyanyuka huuliza mizinga. Ilikuwa kumi, ya milimita 105. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, nendeni mkapige picha. Basi, mizinga tumeimaliza. Sasa tuzungumze makaa ya mawe.

Tarehe 31 Julai 1914, siku chache kabla ya Uingereza kuingia vitani, nahodha Max Looff aliitoa Königsberg bandarini Dar es Salaam ili asije akafungiwa ndani. Akatoka salama. Alikuwa na meli yenye mbio, mabaharia hodari, na hiyo mizinga yenu. Alichokosa ni mahali pa kujaza makaa. Bahari hii yetu, kuanzia Aden kushuka hadi Cape Town, karibu kila rundo la makaa lenye maana lilikuwa la Mwingereza, au la mtu ambaye Mwingereza angeweza kumlipa. Msumbiji ilikuwa ya Mreno, na Mreno wakati huo hakuwa vitani, kwa hiyo Looff angeweza kununua kule. Waingereza wakawahi, wakanunua wao akiba iliyokuwepo. Hawakufyatua hata risasi moja. Walitoa fedha tu! Kwangu mimi huo ndio ushindi wao wa kwanza dhidi ya Königsberg, na bado sijaona mnara wa kumbukumbu wa karani aliyelipa.

Tarehe 6 Agosti, upande wa Oman, Looff akaikamata meli ya Kiingereza City of Winchester, imesheheni chai. Mnadhani alitaka chai? Alitaka kilichokuwa chini, kwenye bohari ya makaa. Akayahamishia kwake, meli yenyewe akaizamisha. Makaa hayo yalikuwa hafifu: moshi mwingi, joto kidogo, majivu tele. Moshi ule manowari inayojificha haiutaki, maana unaonekana kabla hata ya mlingoti. Baadaye Somali, meli ya Kijerumani ya kumletea akiba, ikamkuta karibu na Ras Hafun, pwani ya Somalia, ikampa makaa mengine. Akajaribu Majunga, Madagaska, akatoka mikono mitupu. Mapema Septemba akaingia delta ya Rufiji.

Hapo huwa pana mtu anauliza, naye leo namwona yuko safu ya tatu: mbona hawakuchoma kuni, na Rufiji imejaa mikoko? Ndugu yangu, kuni zinaendesha meli. Ziwa Tanganyika zimeendesha meli miaka mingi. Lakini kuni kavu, kilo kwa kilo, hutoa kama nusu tu ya joto la makaa mazuri, na hujaza nafasi yote. Halafu kuna suala la mwendo. Meli ikitaka kwenda mbio mara mbili, mashine hudai nguvu karibu mara nane. Ipige hesabu hiyo kwa mikoko mibichi, huku manowari za Waingereza zinakungoja mdomoni mwa mto, kisha uniletee jibu.

Mwingine atasema ni mashine iliyoharibika, si makaa. Kweli, iliharibika. Tarehe 20 Septemba Looff aliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar, ikiwa imesimama kwa matengenezo, na baada ya hapo mashine yake mwenyewe ikaleta matatizo, akarudi Rufiji. Vyuma vikapelekwa Dar es Salaam kwa nchi kavu, vikatengenezwa karakana, vikarudishwa. Mnaona tofauti? Chuma kilichovunjika utawabebesha watu. Makaa ya kumfikisha mtu Ujerumani utambebesha nani? Mpagazi mmoja hubeba kilo 25. Tani 1,000 tu ni mizigo 40,000! Na tani 1,000 zisingemfikisha.

Berlin walilielewa hilo kuliko vitabu vyetu. Februari 1915 wakaituma meli ya mizigo Rubens, imepewa jina la Kidenmaki na bendera ya Denmark, izunguke Afrika nzima na makaa ya Königsberg tumboni. Aprili ikafika karibu na Tanga, na manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaikuta ghuba ya Manza. Bunduki na risasi nyingi ziliokolewa, zikamfaa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku bara. Makaa hayakufika Rufiji. Tangu hapo Königsberg ilikuwa ngome kwenye tope. Manowari za Kiingereza Severn na Mersey zilipokuja kuimaliza tarehe 11 Julai 1915, ndiyo, kwa mizinga, zilimaliza meli ambayo haikuwa na pa kwenda.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na vituo vingine vya makaa, Port Said ya Misri na kisiwa cha Perim mdomoni mwa Bahari ya Shamu, navyo naviacha, ila mjue kwamba wabeba makaa wa Port Said waligoma mwaka 1882, hilo msiache kulisoma. Aden kwa ufupi: mwaka 1830 meli ya mvuke Hugh Lindsay ilitoka Bombay kwenda Suez, ikafika Aden imebakiwa na makaa ya saa chache tu. Miaka tisa baadaye Waingereza wakaiteka Aden. Na makaa ya vituo hivyo, kwa miaka mingi, yaliletwa kutoka Wales kwa meli za matanga. Wanaosema mvuke uliua tanga siku moja, hapo huwa wanakohoa.

La mwisho, ambalo lingestahili mhadhara mzima. Vijana wa pwani hii waliajiriwa kwenye manowari za Kiingereza kuchochea tanuri na kubeba makaa. Waingereza wakiwaita *Seedies*. Wengi waliandikwa daftarini kwa majina ya mzaha waliyobuniwa melini, kwa hiyo ukimtafuta mtu kwa jina alilopewa na mama yake humpati. Mwenye babu aliyefanya kazi hiyo, akiwa na jina lake halisi, picha, au hata karatasi ya mshahara, tuonane pale mlangoni kabla hajaondoka.