Ukurasa Ulioandikwa "Mengineyo": Kuongoza na Kukuza Vyama vya Ushirika vya Wafanyakazi

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu mlioketi mbele, ndugu wanachama na watendaji wa vyama vya ushirika, mabibi na mabwana.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuongoza na kukuza biashara za kijamii na vyama vya ushirika vinavyomilikiwa na wafanyakazi wenyewe. Nitaanza na daftari. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa karakana ya useremala ambayo ilikuwa mali ya mafundi 19, kila mmoja akiwa na hisa zake na kura yake moja. Tulipata zabuni ya madawati ya shule, kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kuzishika, na ndani ya mwaka mmoja mapato yetu yakakaribia mara tatu ya yale ya zamani. Katika mkutano mkuu wa mwaka huo mweka hazina alisimama, akasoma hesabu kwa dakika zisizozidi kumi, mafundi wakapiga makofi, soda zikagawiwa, tukatawanyika. Kwenye ukurasa wa matumizi kulikuwa na mstari ulioandikwa "Mengineyo", na kiasi kilichoandikwa mbele yake kilizidi posho ya mwaka mzima ya mafundi wawili. Hakuna aliyeuliza. Mimi niliuona mstari ule, nikanyamaza, kwa kuwa mweka hazina alikuwa mtu mzima aliyenizidi umri, na niliona haya kuonekana ninamshuku mbele za watu.

Fedha zile hazikuibwa. Nilikuja kuthibitisha baadaye kwamba zilikuwa nauli za kusafirishia mbao, ada za vibali na chai ya vikao, zote zikiwa zimerundikwa mahali pamoja na mtu ambaye hakujua pengine pa kuziandika. Hata hivyo, siku ile tuliyonyamaza ndiyo siku tuliyoacha kuwa wenye mali, tukawa watu wa kusubiri kuambiwa. Shule zilipochelewesha malipo mwaka uliofuata, na uongozi ukaomba kila fundi aache robo ya posho yake kwa miezi mitatu ili karakana isifungwe, wengi walikataa, na sikuwalaumu: nani atajinyima kwa ajili ya chama ambacho hesabu zake hazielewi?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo. Tulichokosa ni wasomaji wake. Hoja yangu ya leo, basi, ni kwamba chama cha wafanyakazi hakiwezi kukua kupita uwezo wa wanachama wake wa kusoma hesabu zake na kuzikataa inapobidi. Kikipita hapo, kinachokua ni biashara ya meneja, ya mfadhili au ya serikali, iliyobaki na jina la ushirika mlangoni.

Naomba kwanza nitenganishe mambo mawili ambayo siku hizi huchanganywa. Biashara ya kijamii yaweza kuwa mali ya mtu mmoja mwenye nia njema, anayeuza taa za jua au maji safi na kurudisha faida yake katika huduma kwa jamii. Chama cha ushirika cha wafanyakazi ni kile ambacho anayefanya kazi ndiye mwenye chama, na fundi wa mwisho kuingia ana kura moja sawasawa na mwenyekiti. Tofauti hiyo haionekani sana watu wanapokuwa kumi. Huonekana wanapofika mia, kwa sababu mwenye nia njema anaweza kuamua peke yake usiku akiwa kitandani, ilhali chama hakina budi kuamua mchana, kwa mikono iliyoinuliwa, na watu ambao wengine wao wana mafuta ya mashine viganjani.

Mfano unaotajwa kila mahali ni ule wa Mondragón, mji mdogo wa nchi ya Wabasque, kaskazini mwa Hispania. Nimechoka kidogo kuusikia ukisimuliwa kama hadithi ya miujiza, kwa hiyo naomba nianzie pale ambapo wasimuliaji wengi hupita mbio. Padri José María Arizmendiarrieta aliwasili pale mwaka 1941, miaka miwili baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe kumalizika, akaukuta mji ulioshindwa vitani na wenye umaskini mkubwa. Mwaka 1943 alifungua shule ya ufundi. Chama cha kwanza, Ulgor, kilichoundwa na vijana watano waliosomea kwake na kuanza kwa kutengeneza majiko ya mafuta ya taa, hakikuzaliwa hadi mwaka 1956. Baina ya shule na kiwanda, kwa hiyo, ipo miaka 13. Katika miaka hiyo vijana walifundishwa kuchonga vyuma, lakini pia walizoea vikao na majadiliano ya muda mrefu kuhusu kazi, mtaji na haki. Walipofikia kuwa na kiwanda, walikuwa tayari na lugha ya kukizungumzia.

Mwaka 1959 waliongeza benki, Caja Laboral, kwa msukumo wa padri huyohuyo, huku waanzilishi wenyewe wakiwa na shaka nayo. Kaulimbiu yake ya kuwaomba watu waweke fedha ilikuwa fupi: kitabu cha akiba au sanduku la safari. Maana yake ni kwamba ama tunaweka akiba hapa, ama watoto wetu watafunga mizigo wakatafute kazi mbali. Benki hiyo ilikuwa na kitengo kilichokaa na kila kundi lililotaka kuanzisha chama, kikapitia nao soko, mashine na hesabu kabla ya kuwakopesha senti moja.

Utaratibu wao wa faida unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo vyama vyetu vingi huanguka. Tuchukue fundi ambaye sehemu yake ya ziada ya mwaka ni shilingi 600,000. Huku kwetu angetaka apewe mkononi siku ileile ya mkutano mkuu, na kiongozi anayetafuta kura angempa. Kule Mondragón fedha hizo huandikwa katika akaunti yake ya mtaji ndani ya chama. Ni zake, jina lake liko juu yake, anaweza kulipwa riba, lakini atazichukua atakapostaafu au kuondoka. Wakati huohuo chama kinazitumia kununulia mashine. Kabla ya hapo sehemu nyingine imeshawekwa kwenye akiba ya pamoja isiyogawanyika, na nyingine, kama moja ya kumi, imekwenda kwenye elimu na huduma za jamii. Utaratibu huo huwezi kumlazimisha mtu asiyeuelewa, maana atauona ni wizi tu. Anayejua kusoma akaunti yake hukubali kungoja.

Sasa upande wa pili wa hadithi. Kufikia mwaka 1974 Ulgor ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 3,000, na uongozi ukaleta mfumo mpya wa kupanga madaraja ya kazi na malipo. Wafanyakazi waligoma. Fikirini jambo hilo: wenye mali wanagomea mali yao. Vinara 17 walifukuzwa, mkutano mkuu ukaidhinisha kufukuzwa kwao, na ilichukua hadi mwaka 1978 kwa milango kufunguliwa warudi. Funzo ambalo wenyewe walilipata ni kuwa mkusanyiko wa watu 3,000 si kikao tena, na tangu hapo walipendelea kuanzisha chama kipya pembeni kuliko kukiongeza kile kilichopo unene. Ndiyo maana leo Mondragón ni shirikisho la vyama zaidi ya 80 vyenye wafanyakazi wapatao 70,000, wala si kampuni moja kubwa.

Lakini hata wao walijisahau. Chama kilekile cha majiko, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Fagor, kilitoka nje kutafuta ukubwa. Mwaka 2005 kilinunua kampuni ya Ufaransa ya Brandt, na kilikuwa na viwanda Polandi na Moroko, ambako wafanyakazi walikuwa waajiriwa wa kawaida, bila hisa wala kura. Msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008 ulipovunja soko la nyumba Hispania, na pamoja nalo soko la majokofu na majiko, madeni yaliizidi nguvu, na mwaka 2013 Fagor ikafilisika baada ya vyama vyenzake kukataa kuendelea kuitilia fedha. Wanachama wake wa nyumbani wengi walipokelewa katika vyama vingine au wakastaafishwa mapema. Baadhi walipoteza akiba walizokuwa wameziweka humo. Waajiriwa wa ng'ambo hawakuwa na undugu huo wa kukimbilia. Mimi binafsi sioni kwamba anguko lile linathibitisha kuwa ushirika haufai, kama wengine walivyoandika, maana makampuni ya kawaida yalianguka kwa mamia katika miaka ileile. Ninachokiona ni chama kilichoongeza mikono bila kuongeza kura.

Kuna njia nyingine ya kukua, na iliasisiwa na watu ambao hawakuwa na shule ya ufundi wala benki. Machi 1959, jijini Mumbai, wanawake saba walipanda darini kwenye jengo walimoishi, wakiwa na rupia 80 za kukopa, wakaanza kusukuma papadi, zile chapati nyembamba za unga wa dengu zinazokaushwa juani na kuliwa zikiwa zimechomwa au kukaangwa. Ndiyo asili ya chama cha Lijjat. Waliamua tangu mwanzo kutopokea msaada wala hisani, hata biashara ikienda hasara. Mwaka wa kwanza masika yaliwasimamisha kazi kwa miezi minne, kwa kuwa papadi hazikukauka. Mwaka wa pili walinunua kitanda na jiko, wakazianika papadi juu ya kitanda na kuwasha jiko chini yake, kazi ikaendelea mvua ikinyesha. Leo wanachama ni zaidi ya 45,000, wote wanawake, wote wakiitana dada, na wengi wao huchukua unga uliokandwa asubuhi, wakasukumia nyumbani, kisha wakarudisha papadi zikapimwa na kulipwa. Chama kimeenea kwa matawi, na kazi yenyewe haikubadilika: dada aliyejiunga jana anaielewa biashara nzima, tangu unga hadi mzani, kwa sababu inapita mikononi mwake kila siku. Ni ukuaji wa mgomba, unaotoa machipukizi ubavuni.

Kwetu Afrika Mashariki hatuna uchache wa historia ya kujifunzia. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha umoja wao mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima hao. Changamwe, Mombasa, wachongaji wa Kikamba wana chama chao tangu mwaka 1963, ambapo kila mtu huchonga kwa mkono wake na duka likawa la wote. Songea, vijana wa Litowa walijenga tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 shamba la pamoja, shule yao wenyewe na umoja wa vijiji vya jirani uliomiliki mashine ya kusaga. Umoja huo wa Ruvuma ulivunjwa na chama tawala mwaka 1969, wakati uleule ambapo siasa ya ujamaa vijijini ilikuwa ikihubiriwa nchi nzima, na mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vyote vya ushirika Tanzania Bara na kuzikabidhi kazi zake mamlaka za mazao, hadi sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Wazee waliokuwapo hulitaja jambo hilo kwa sauti ya chini hadi leo. Mazoea yaliyobaki ni mabaya kuliko sheria zenyewe: mwanachama akiona mambo yanakwenda mrama, mguu wake wa kwanza huelekea kwa Mrajis, yule ofisa wa serikali anayesajili na kusimamia vyama vya ushirika, au kwa Mkuu wa Wilaya, badala ya kuitisha mkutano wa dharura ambao katiba ya chama chake inamruhusu kuuitisha akiwa na wenzake.

Nimeulizwa na vijana, kabla sijapanda hapa, meneja alipwe kiasi gani. Waanzilishi wa Mondragón walianza na kanuni kwamba anayepata kingi asizidi mara tatu ya anayepata kidogo, na baadaye tofauti hiyo ikapanuliwa hadi kama mara sita. Siwashauri muige namba. Ninachowashauri ni kwamba kiwango, kiwe kipi, kipigiwe kura na wale watakaokilipa, na kiandikwe mahali ambapo mfagiaji anaweza kukisoma.

Turudi karakanani. Baada ya mwaka ule mbaya tulichukua ubao wa plaiwudi, tukaupaka rangi nyeusi, tukauning'iniza karibu na msumeno wa duara, mahali ambapo hakuna fundi anayeweza kupita bila kuuona. Kila Jumamosi jioni fundi mmoja, kwa zamu, alisoma risiti za wiki na kuandika kwa chaki fedha zilizoingia na zilizotoka. Neno "Mengineyo" lilipigwa marufuku. Zamu ya kwanza ilimwangukia fundi wa kupaka vanishi, mzee aliyeishia darasa la nne. Alitumia dakika zaidi ya 40, tukawa tumesimama, wengine wakiguna. Mwishoni akageuka na chaki mkononi akauliza mbona gundi imenunuliwa mara mbili Jumanne. Kweli ilikuwa imenunuliwa mara mbili, na mkebe wa pili ulikutwa nyuma ya rundo la mbao, haujafunguliwa.

Miezi minane baadaye ilikuja zabuni nyingine, ya madawati 500. Uongozi, nami nikiwamo, tuliitaka yote. Mafundi walituuliza malipo yatakuja lini na mbao tutazinunua kwa fedha gani katika siku 90 za kusubiri, kisha wakaonyesha kwa chaki, juu ya ubao uleule, kwamba tungeweza kubeba madawati 200. Kura zilikuwa 11 kwa 8. Tulitengeneza 200.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.