Mutukula na ule mto ulioachwa nyuma

Ndugu zangu, ukitoka Bukoba kwenda Uganda, mto Kagera unauvuka pale Kyaka. Mgeni hudhani ndiyo basi, mpaka umefika. Kumbe bado kama kilomita 30 hadi Mutukula. Leo nitakaa kwenye kipande hicho tu.

Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kuwa magharibi mwa Ziwa Victoria mpaka wao ufuate digrii moja kusini mwa Ikweta. Mstari ukanyooka, mto ukaendelea kupinda unavyotaka. Ndivyo Wajerumani, na baadaye sisi, tulivyopata ardhi ng'ambo ya Kagera, inayotegemea daraja la Kyaka.

Idi Amin aliielewa ramani hiyo. Septemba 1972 wafuasi wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, waliingilia Mutukula kwenda kumng'oa Amin, wakashindwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 akaja yeye, na Novemba mosi akatangaza kwamba mpaka sasa ni mto. Daraja likavunjwa. Yale maneno ya Nyerere ya kumpiga Amin, ya uwezo, sababu na nia, mnayajua, siyarudii.

Lisilosimuliwa sana ni la Januari 1979. Jeshi letu lilipoiteka Mutukula ya Uganda, mji ule ulisawazishwa kwa matingatinga, kulipiza yaliyofanywa Kagera. Kyaka tunapeleka wageni wakaone magofu ya kanisa, na ni haki yetu. Lakini mwanahistoria anayesimama Kyaka akairuka Mutukula amesoma nusu ya kitabu. Nyumba mnazoziona ng'ambo leo zimejengwa upya baada ya vita.

Kituo cha mpakani kikarudia kazi zake: pasi, forodha, malori. Novemba 2017 Magufuli na Museveni wakazindua kituo cha pamoja. Siku hizi anayekwenda Kampala hasimami mara mbili. Maofisa wa nchi zote mbili wamekaa upande anaoingia, wa kwetu anamgongea kutoka, wa kwao anamgongea kuingia, mlemle ndani.

Kahawa ndiyo haijali jengo. Bei ya Uganda ikiwa nzuri, kahawa ya Kagera huvushwa usiku kwa njia za panya, kwa baiskeli na bodaboda. Askari wa doria wana kazi ngumu kweli: mpaka wanaoulinda ni latitudo, na huko mashambani hauna hata kijito cha kumlowesha mtu miguu.