Bima ya Vitu vya Ndani: Hesabu Inayowapunja Wengi

Asalaam alaykum. Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Tuseme friji, makochi, makabati, mashine ya kufulia, mapazia na nguo zako, ukivinunua upya leo hapo Darajani, ni shilingi milioni 20. Ili ada iwe nyepesi, kwenye fomu ya bima unaandika milioni 10. Moto unakula jiko, hasara milioni 6. Unategemea 6, kwa kuwa 10 haikufika. Unalipwa 3. Umekatia bima nusu ya mali, basi nusu ya kila hasara ni yako. Kifungu hicho kimo katika mikataba mingi, na bado hapo hujakatwa kile kiwango cha mwanzo cha kila hasara unachobeba mwenyewe. Ukitaka ada ishuke, omba kiwango hicho kiongezwe. Thamani ya mali iandike ile ya kweli. Uliza pia: watalipa bei ya kitu kipya, au watatoa uchakavu? Kwa friji la miaka sita, tofauti yake si ndogo.

Kisha zunguka na simu chumba hadi chumba. Fungua kila kabati upige picha, na namba ya kiwandani nyuma ya kila chombo cha umeme. Risiti nazo zipige, kwani karatasi zile laini hufutika. Picha mtumie ndugu anayekaa nyumba nyengine; simu nayo huungua.

Dhahabu ina mambo yake. Mikataba huweka ukomo kwa kitu kimoja, na seti ya harusi huupita. Iorodheshe peke yake: gramu, kareti, karatasi ya sonara. Fedha za upatu zilizo ndani ya kabati, mara nyingi hazimo kabisa.

Kwa wakaazi wa Mji Mkongwe: maji ya masika yanayopenya dari la boriti kidogo kidogo hadi kabati likaota ukungu, hayo hayalipwi. Bima hulipa la ghafla, kama bomba kupasuka. Mpangaji naye ajue kuwa bima ya mwenye nyumba ni ya jengo, si ya godoro lake. Umeme unaorudi kwa kishindo ukaua friji huhitaji nyongeza ya mkataba. Wizi usio na alama ya kuvunja ni mgumu kulipwa, na ukisafiri Omani miezi miwili nyumba ikabaki tupu, toa taarifa kabla. Mikataba mingi huvumilia nyumba tupu kwa siku 30 tu.

Likitokea la kutokea, piga picha kabla ya kufagia. Vilivyoungua usivitupe mpaka mkadiriaji avione. Chukua ripoti ya polisi au ya Zimamoto, na kampuni iandikie barua ndani ya siku zilizotajwa. Simu peke yake haitoshi. Wakikupa hati ya malipo ya mwisho na hukuridhika, usitie saini: ipeleke kwanza TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia kampuni za bima; ofisi yao ipo hapa Unguja.