Ukitembea Posta, tembea taratibu

Asanteni, sogeeni mbele basi, huko nyuma hamtasikia. Leo nataka tutembee Posta, katikati ya Dar es Salaam, kwa maneno tu, kuanzia pale Boma la Kale Sokoine Drive, nyumba ambayo wengi wenu mnaipita kila siku mkiwahi mwendokasi. Ile aliijenga Sultani Majid wa Zanzibar miaka ya 1860 kwa ajili ya kufikizia wageni wake, na ukisogelea ukuta unaona kabisa mawe ya matumbawe na chokaa, juu boriti, mlango wa nakshi. Kasri lake mwenyewe halipo tena, imebaki nyumba ya wageni, hebu fikiria.

Wajerumani wakahamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, ndo mnaona majengo ya Kivukoni yana zile veranda pana na makuta manene. Ikulu nayo, ya kwanza ya gavana wao ilipigwa mizinga na manowari za Waingereza mwaka 1914, hii ya sasa Waingereza waliijenga upya. Ukumbi wa Karimjee mnaujua, Bunge letu lilikaa pale baada ya uhuru.

Ila mimi moyo wangu uko kwenye Sanamu ya Askari. Pale kwanza alisimama gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, Waingereza wakamng'oa, akaishia Hamburg na huko wanafunzi wakamwangusha mwaka 1968. Mwaka 1927 ndo akawekwa huyu askari wa shaba, bunduki mkononi, singe mbele. Watu wanapiga selfi na askari, sawa, lakini inama kidogo usome pale chini, maandishi yako kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanawataja na wachukuzi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wanaitwa miguu na mikono ya jeshi. Mimi mara ya kwanza kuyasoma nilisimama pale muda mrefu sana, maana hao ni babu zetu, walibeba risasi na unga kichwani mamia ya maili wakafa kwa njaa na kuhara na malaria kuliko hata risasi, na hakuna jina hata moja lililoandikwa, hata moja jamani.

Sasa serikali imehamia Dodoma, uamuzi ulipitishwa tangu 1973 ila kuhama kwenyewe tumekuona juzijuzi tu, na ofisi nyingi Posta zimebaki tupu, kiwanja pale ni pesa, mnajua wenyewe. Mimi nasema wazi, nyumba zile zisiguswe, zikarabatiwe zitumike, kama Boma lilivyofanywa kituo cha urithi wa majengo.

Na wale wachukuzi, kambi yao Waingereza waliiweka pembeni kidogo ya mji, kikosi kiliitwa Carrier Corps, wenyeji wakalitamka walivyolisikia. Ndo Kariakoo hiyo, mnakoenda kununua nguo.