Kiwanda cha Ujerumani kilicholima pamba Saadani, leo kimejaa wachoraji

Haya wadau, mambo vipi huko nyumbani, leo niko Leipzig, mtaa wa Plagwitz, na hayo majengo ya matofali mekundu mnayoyaona nyuma yangu ndo Spinnerei, kiwanda cha zamani cha kusokota nyuzi za pamba. Kilianza 1884 na ndani ya miaka kama 25 kikawa kikubwa kuliko vyote vya aina yake Ulaya bara.

Sasa sikilizeni hii maana ndo iliyonileta. Wenye kiwanda walitaka pamba yao wenyewe wakaja kufungua mashamba kwetu, Saadani, enzi za Mjerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Saadani hii hii ya Pwani mnakoenda kutazama tembo! Na Maji Maji ilikuwa imetoka kuzimwa juzi tu, vita ambayo watu wa kusini waliianza 1905 na kulazimishwa kulima pamba ilikuwa moja ya sababu. Kwa hiyo mimi haya majengo siyaoni kama ni ya Wajerumani peke yao, jasho la wazee wetu limo humu.

Basi, Ujerumani mbili, ya Mashariki ilikokuwa Leipzig na ya Magharibi, zikaungana 1990, soko likafa, wafanyakazi wengi wao akina mama wakapoteza kazi, mashine zikazimwa moja moja. Kumbi zikabaki tupu. Walioanza kuingia ni wachoraji, kodi ilikuwa ya bei chee na madirisha ni makubwa mno, mwanga uliowekwa kwa ajili ya watu wa mashine mchoraji ndo anautafuta huohuo, na sakafu iliyobeba mitambo inabeba sanamu lolote. 2001 wakaja wanunuzi wapya na hapa ndo nawapongeza kutoka moyoni, hawakubomoa, hawakumfukuza mtu, wakakarabati kidogo kidogo huku watu wanaendelea na kazi. 2005 magaleri makubwa yakahamia. Neo Rauch, mchoraji anayejulikana dunia nzima, studio yake iko humu, na kuna kama studio mia hivi za wasanii, sinema, duka la rangi na turubai, mafundi wa kila namna.

Kodi za mtaa zimepanda, hilo nawaambia wazi, ndo maana msanii anahitaji mkataba mrefu mapema kabla eneo halijapata jina.

Sasa nyie mlioko Dar mnaijua Urafiki pale Ubungo, kiwanda cha miaka ya sitini kilichojengwa kwa msaada wa China, na mlioko Kanda ya Ziwa mnavijua vinu vya pamba vilivyofungwa, Tanga magodauni ya katani. Kabla mtu hajauza mabati kama chuma chakavu, wapeni vijana kona moja, tengenezeni paa, umeme na vyoo kwanza, mafundi cherehani, watu wa Tingatinga, wapiga picha, waacheni wapange. Kama una godauni la hivyo mtaani kwenu lipige picha unitumie, nataka video ijayo nianze na hayo ya kwetu.