Kwa Nini Bunduki ya Jeshi Hukwama

Mabibi na mabwana, kila palipo na mjadala wa silaha huzuka swali lile lile: ni bunduki gani isiyokwama? Hakuna. Ukitaka jibu la maana, uliza imekwama katika hatua gani, na nguvu yake imeibwa na nini.

Tuitazame mashine yenyewe. Bunduki inayojipakia huchota gesi kidogo ya baruti kupitia kitundu kilichotobolewa kwenye mtutu. Gesi hiyo hukisukuma nyuma kibebeo cha bolti, yaani cha kile chuma kinachofunga chemba, chumba cha risasi nyuma ya mtutu. Bolti huzunguka na kujifungua, ukucha wake huvuta ganda tupu kutoka kwenye chemba, ganda hurushwa nje, nyundo hukokiwa, springi hubanwa. Kisha springi hurudisha kila kitu mbele, na njiani bolti huokota risasi mpya kutoka kwenye magazini, kasha la risasi, na kuiingiza chemba. Yaani safari ya kwenda nyuma ina gesi. Safari ya kurudi ina springi tu. Mchanga, masizi, mafuta yaliyoganda, vyote vinakula kutoka kwenye akiba hiyo ndogo ya nguvu. Mbunifu anaweza kuiongeza kwa kuipa bunduki gesi nyingi zaidi au kibebeo kizito zaidi, lakini atalipa: bunduki itapiga kwa mtikisiko na vipuri vitachakaa mapema.

Nguvu ikizidi pia ni balaa, na ushahidi ni M16, bunduki ya Jeshi la Marekani, kule Vietnam. Kitundu chake cha gesi kilipimwa kwa baruti ya aina moja, yenye chembe za vijiti. Mwaka 1964 Jeshi la Marekani likaingiza baruti ya chembe za mviringo, ambayo shinikizo lake kwenye kitundu lilikuwa kubwa zaidi. Mwendo wa bolti ukaongezeka, kasi ya kufyatua ikavuka kikomo cha risasi 850 kwa dakika. Athari yake ndiyo ya kuangalia kwa makini. Risasi ikilipuka, ganda la shaba hutanuka na kubana kuta za chemba. Shinikizo likishuka, hunywea na kuachia. Bolti ikiwahi kufunguka, ukucha unavuta ganda ambalo bado limeshika. Ongeza chemba isiyopakwa kromu, madini ya kuzuia kutu, iliyotobolewatobolewa na kutu ya unyevu wa msituni, na masizi mengi ya baruti ile. Ukucha unachana ukingo wa ganda, ganda linabaki ndani, bolti inarudi na risasi nyingine nyuma yake. Dawa pekee hapo ni kuingiza fimbo ya kusafishia mdomoni mwa mtutu na kuligonga ganda litoke. Wengi hawakuwa na fimbo hiyo, kwa sababu bunduki ilinadiwa kuwa haihitaji usafi mwingi. Mtu aliyeeneza maneno hayo alifanya madhara kuliko mvua.

Kamati ndogo ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Richard Ichord ilitoa ripoti yake Oktoba 1967. Marekebisho yaliyofanyika kipindi hicho hayakugusa umbo la msingi la bunduki: chemba ikapakwa kromu, kizuizi kinachopokea bolti nyuma kikatengenezwa upya ili kupunguza kasi, vifaa vya usafi vikagawiwa, na askari wakafundishwa kuvitumia, hata kwa kijitabu cha katuni.

Kwa AK, bunduki ya Kirusi, watu hutaja nafasi zilizolegea kati ya vipuri. Ni kweli, kibebeo chake ni kizito na kina pa kusukumia uchafu. Lakini sehemu kubwa ya siri iko kwenye risasi. Ganda la risasi yake, 7.62×39, lina kipenyo cha milimita 11.35 karibu na kitako na 10.07 begani, linachongoka. Likisogea nyuma kidogo tu, limeshaachana na kuta. Ganda la 5.56×45, risasi ya M16, ni 9.58 na 9.00, karibu limenyooka, kwa hiyo hukwaruza ukuta mwendo mrefu zaidi. Mchongoko huo ndio unaoipinda magazini ya AK.

Hata hivyo, vumbi na matope si adui mmoja. Ukishusha swichi ya usalama ya AK ili ufyatue, unaacha ufa mrefu ubavuni. Vumbi kavu likiingia halina neno sana. Matope mazito yakiingia yanajaa njia ya nyundo na bunduki inasimama. Mwili wa M16 umezibwa vizuri zaidi, una kifuniko kwenye tundu la kutolea maganda, na matope mengi hubaki nje. Yakishaingia, hata hivyo, hayana pa kwenda.

Kuhusu mafuta, kanuni moja haitoshi nchi zote. Jangwani, sehemu za ndani za M16 na za M4, mdogo wake mwenye mtutu mfupi, hupakwa mafuta kwa ukarimu na mara kwa mara, nje hufutwa kukauka. Risasi zenyewe hazipakwi mafuta kamwe. Kwenye baridi kali mafuta ya kawaida huwa mazito, springi ikashindwa. Tumia mafuta mepesi ya baridi, kidogo. Na usiiingize bunduki kwenye hema lenye joto kisha ukaitoa tena: mvuke utatua juu ya chuma, utaganda, na kila kitu kitashikamana.

Maji: mtutu wa milimita 5.56 ni mwembamba kiasi kwamba maji hushikilia ndani. Elekeza mdomo chini, vuta bolti nyuma sentimita chache ili hewa ipite, acha yachuruzike. Kufyatua mtutu uliojaa maji kunaweza kuupasua.

Joto linasahaulika zaidi. M4 imekusudiwa kuhimili risasi 12 hadi 15 kwa dakika kwa muda mrefu. Ikichemka na risasi hai ikakwama chemba, mwongozo ni kuitoa ndani ya sekunde 10. Ukishindwa, toa magazini, elekeza bunduki pasipo na mtu, ngoja dakika 15, maana inaweza kulipuka yenyewe.

Sasa takwimu. Mwaka 2007 huko Aberdeen, Maryland, kwenye viwanja vya majaribio vya Jeshi la Marekani, aina nne za bunduki, M4 na washindani wake watatu, zilijaribiwa katika chumba cha vumbi: kumi za kila aina, risasi 6,000 kila moja. Zilikaa kwenye vumbi dakika 30, zikafyatuliwa risasi 120, zikarudishwa. M4 ilikwama mara 882, HK416 mara 233, SCAR mara 226, XM8 mara 127. Kwa M4 hiyo ni mara moja kila risasi 68. Wauzaji waliyashangilia matokeo hayo. Lakini majira ya joto ya mwaka ule ule M4 ilikuwa imepitia jaribio la namna hiyo na kukwama mara 307. Jaribio likitoa majibu yaliyopishana karibu mara tatu kwa bunduki moja, nafasi ya kwanza na ya nne sizijengei hoja kubwa.

Kilicho muhimu kwangu ni kwamba katika zile 882, 239 zilitokana na magazini. Kipande hicho cha bati hutupwa chini, hukanyagwa na hudumu muda mrefu kuliko inavyostahili. Kagua midomo yake: ikitanuka, risasi mbili hutoka pamoja, ikibana, risasi haitoki. Bonyeza kisukumio, kile kibao cha ndani kinachoinua risasi, upande mmoja. Kikiinama na kukwama, risasi zitainua pua vibaya. Askari wengi hujaza 28 badala ya 30 ili magazini ishike vizuri bolti ikiwa imefungwa. Ziandike magazini zote namba, na ile ambayo namba yake inajirudia kila bunduki inapokwama, iponde kwa nyundo papo hapo isije ikarudi kwenye sanduku la mwenzako.